Makaa Chini ya Mpaka

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Waislamu wa zamani, uliokuwa ukitanuka upesi hata watu wakapotelewa na mipaka yao, kadhi aliamuru kila kiwanja kipimwe upya na mwenyewe atambuliwe. Desturi ya mji ule ilikuwa kuzika makaa chini ya mpaka, kwa sababu makaa hayaozi. Lakini mafuriko yalikuwa yameangusha kuta, na wengi waliojua makaa yalipo walikwisha kurejea kwa Mola wao.

Alikuwepo mjane mcha Mungu, Bi Rumaisa. Pembeni mwa nyumba yake palikuwa na kaburi la Hamama, bintiye wa pekee, aliyechukuliwa na tauni. Siku ya msiba, baba mtu, akili zimemruka, alichimba penye udongo laini, akavuka mpaka asitambue. Jirani aliona, akamsitiri. Baadaye baba yule akafariki, na jirani naye akafa, akaacha mayatima.

Mpimaji alipofika, watu wa mtaa walimwonyesha kaburi lile kuwa ndiyo alama: kiwanja cha Bi Rumaisa chaishia ng'ambo ya kaburi. Akainua nyundo apige kigingi.

"Subiri, mwanangu," akasema Bi Rumaisa. "Makaa yako huku nyuma, upande wa nyumba yangu. Niliyazika mimi na marehemu mume wangu."

Shoga yake akamvuta ushungi. "We Rumaisa, una wazimu? Nani atajua? Huyo ni Hamama wako!"

"Ndiyo, ni wangu. Ardhi ndiyo isiyo yangu." Machozi yakamtoka.

Wakachimba, makaa yakaonekana. Mpimaji alilia naye, lakini kigingi kikapigwa pale penye makaa, kaburi likabaki upande wa mayatima. Msimamizi wao akakiuza kiwanja, na mnunuzi akajenga ukuta mrefu. Kaburi hakulifukua, lakini hakuacha mlango wa kupitia.

Tangu hapo, kila Ijumaa Bi Rumaisa aliweka kiganja ukutani, akasoma Fatiha, kisha akasema: "Hamama, usinilaumu mama yako. Nimeogopa kukutana nawe nikiwa nimebeba ardhi ya yatima shingoni." Akafa hajaliona tena kaburi lile.

Loo, ndugu zangu! Sisi twasogeza vigingi kwa ajili ya banda la kuku, kisha twalala usingizi mnono. Mama yule aliliachia kaburi la mwanawe. Mola amrehemu, na awakutanishe mahali pasipo na ukuta.