Lumbesa ya Tusekile

Dalali Mwakipesile alinunua viazi kwa gunia, na gunia lake sharti lijazwe lumbesa, mpaka livimbe kilemba juu ya mdomo. Ambwene, mdogo wake Tusekile, alishachoka: anatupa jembe, anakwenda kuendesha bodaboda.

Tusekile akamfuata dalali gulioni. "Shikamoo baba. Gunia likizidi ukubwa, bei haipandi?"

"Gunia ni gunia, liwe na ukubwa wowote," dalali akajibu mbele ya watu.

"Basi nilipe kabisa bei ya magunia mia, nami nitayashona mwenyewe."

Dalali akalipa upesi, akichekelea magunia ya bure.

Alipokuja na lori, akakuta magunia yamepangwa, kila moja sawa na mto wa mtoto mchanga, limejaa lumbesa.

"Kilemba nimeweka, baba," Tusekile akasema. "Pakia."

Ambwene akaokota jembe lake, hana mbavu kwa kucheka.