Nani Alimfunza Tirza?

Sogeeni karibu. Wewe uliyekuja kusinzia, rudi ukasinzie kwenu. Hadithi hii haina simba wala sungura. Ina watu watatu waliodharauliana miaka kumi, na baraza la wazee lisilofaa hata kulinda kuku. Nitawasimulia mambo yalivyokuwa, kisha nitawauliza neno moja tu, na sitapokea jibu la woga.

Huko Muthiru, kwenye nyanda za juu ambako viazi huungua kwa baridi ya sakitu, kuna familia arubaini za Wayahudi. Ni wakulima kama jirani zao, wana kabichi na kondoo kama jirani zao, ila Ijumaa jua likizama huacha kila kazi hadi Jumamosi jioni nyota zitoke. Watu huwaita Wasabato, nao wamechoka kueleza. Shida yao ilikuwa watoto. Walikwenda shule za mbali wakiwa Wayahudi, wakarudi wakiwa hawana jina. Ukimuuliza mmoja dini yake anakwambia, "Mimi niko tu."

Watu watatu walijaribu kuuziba mwanya huo, kila mmoja kwa kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwalimu Elkana Gathogo. Kipaji chake ni kumbukumbu. Aliijua Torati kwa Kiebrania kama wewe unavyoijua njia ya kwenda kwenu, na kila mstari alijua wahenga walibishana nini juu yake na nani alimshinda nani. Alifundisha kila Jumapili alasiri katika chumba nyuma ya sinagogi. Alifundisha vizuri, na alifundisha kwa ukatili. Mtoto akikosea herufi, Elkana alimwigiza kwa sauti ya mbuzi mbele ya wenzake. Katika miaka kumi alipata mwanafunzi mmoja aliyehitimu yote, aitwaye Baruku. Huyo Baruku leo ni mhubiri wa kanisa fulani mjini, na Kiebrania cha Elkana ndicho anachowapumbazia waumini.

Wa pili ni Nahshoni Kiragu. Kipaji chake ni kuwashikamanisha watu. Kila likizo ya Agosti aliwachukua vijana wiki nzima kambini kando ya msitu: mahema, gitaa, kandanda, nyimbo za Sabato hadi sauti zikauke. Watoto ambao nyumbani hawakusalimiana walirudi wakiitana ndugu. Lakini Nahshoni mwenyewe, akiwa kwenye sala, huwa anafuata midomo ya jirani yake, maana kusoma hajui. Na nusu ya vijana wake walifuata nyama choma. Ifikapo Septemba undugu ulikuwa umekwisha pamoja na mifupa.

Wa tatu ni bibi mzee, Cucu Serah Wanjeri. Kipaji chake ni mikono yake. Hakuwahi kusimama mbele ya darasa. Kila Ijumaa alitandika kitambaa cheupe mezani, akaweka mikate miwili na kuifunika, akawasha mishumaa, akamwekea mjukuu wake mkono kichwani na kumbariki. Hakuharakisha. Ila ukimuuliza, "Cucu, kwa nini mikate miwili?" alikujibu, "Kwani wewe ni polisi?" Tena msisahau jambo hili: aliwalea watoto sita kwenye meza hiyohiyo, na watano kati yao leo hawajui Sabato inaanza siku gani.

Basi hao ndio walimu wetu. Msiwaonee huruma, wao wenyewe hawakuoneana. Elkana alimwita Nahshoni mpiga debe. Nahshoni alimwita Elkana kasuku mwenye ndevu. Cucu Serah alisema wote wawili wanahitaji mtu wa kuwaosha masikio.

Mjukuu aliyebaki na Cucu aliitwa Tirza Nyaguthii. Alisoma kwa Elkana miaka minne, akaigiziwa mbuzi mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu. Alikwenda kambini kwa Nahshoni mara tatu. Alipofika kumi na tano akapelekwa shule ya bweni ya mbali. Kutoka Muthiru walikuwa watano shuleni humo, na wote watano walikuwa wamekubaliana, bila kutamka neno, kwamba watanyamaza.

Muhula wa kwanza mtihani wa hisabati ukawekwa Jumamosi. Tirza akaufanya. Akapata alama nzuri sana, na karatasi iliporudishwa akaichana vipande chooni, akalia. Muhula wa pili ratiba ikabandikwa: Jumamosi tena, mitihani miwili, na asiyefanya atarudia darasa. Tirza akasimama mbele ya ubao ule muda mrefu. Kisha akaenda kubisha mlango wa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu aliitwa Bwana Mulwa. Kabla ya kupewa ofisi alikuwa mwalimu wa useremala, na hakupenda hadithi ndefu.

"Mwalimu, siwezi kuandika mtihani Jumamosi," Tirza akasema. "Mimi ni Myahudi."

"Wiki jana kulikuwa na mwingine ambaye hawezi kufagia kwa sababu ya ndoto," Bwana Mulwa akasema. "Sabato mnakatazwa kazi. Sawa. Kuandika ni kazi? Kalamu ina uzito gani? Nionyeshe ilipoandikwa, la sivyo toka."

Mtoto mwingine angesema, "Ndivyo tulivyofundishwa," na angetolewa nje. Lakini Tirza aliisikia masikioni sauti kavu ya Elkana, ile aliyoichukia, na maneno yakaja kwa mpangilio.

"Torati haikutaja kila kazi, Mwalimu. Wahenga walitazama kazi zilizofanywa kujenga ile hema takatifu jangwani, wakasema hizo ndizo zinazokatazwa. Wakahesabu thelathini na tisa. Hema ile ilikuwa ya mbao, inavunjwa na kusimamishwa tena kila wanapohama. Kwa hiyo kila ubao waliuandika alama, ili wajue upi unakaa na upi. Ndiyo maana kuandika ni kazi. Hata herufi mbili."

Bwana Mulwa akaacha kupekua karatasi zake. Maisha yake yote alikuwa amefundisha vijana kutia alama ubao kabla ya kuuondoa mahali pake.

"Herufi mbili," akarudia. "Kwa sababu alama moja haikwambii unaungana na nini."

"Ndiyo, Mwalimu."

Hilo la kwanza likapita. Bila Elkana lisingepita.

Lakini Bwana Mulwa hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. Akavuta daftari la wanafunzi. "Kutoka kwenu Muthiru mko watano hapa. Wanne hawajawahi kuja kwangu na habari hizi. Mungu huyu ni wako peke yako? Mimi sibadilishi ratiba ya shule kwa ajili ya mtu mmoja mwenye maneno mazuri. Kesho asubuhi njoo nao, au njoo na kalamu."

Jioni ile, wakati wa kuchota maji, Tirza akawaendea mmoja mmoja. Wa kwanza alimwambia, "Usinitaje." Wa pili alijifanya hasikii. Elimu yote ya Elkana haikumsaidia hapo. Ungewasomea wale wanne thelathini na tisa zote, wangekimbia zaidi. Tirza hakuwasomea kitu. Aliketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, akaanza kuuimba wimbo wa kambini, ule ambao Nahshoni huukosea kila mara ubeti wa pili. Aliuimba pamoja na kosa lenyewe. Msichana mmoja, Yemima, akacheka asitake. Kisha akaitikia. Kisha wavulana watatu waliokuwa upande wa pili wa tangi wakaitikia, kwa sauti ya chini, wakitazama huku na huku kama wezi.

"Utakwenda saa ngapi?" Yemima akauliza.

"Kabla ya gwaride."

"Basi usitangulie. Tungojee."

Asubuhi walisimama watano mbele ya meza ya Bwana Mulwa. Hilo la pili likapita. Bila Nahshoni lisingepita.

"Vyema," akasema Bwana Mulwa. "Mtafanya mitihani Jumapili. Lakini nawajua wanafunzi. Jumamosi nitakuja bila kubisha. Nikiwakuta mmelala, au mnafua soksi, au mnanong'ona majibu, nitajua mmenifanya mjinga, na wote watano mtarudia darasa."

Hapo ndipo wale wanne walipomgeukia Tirza na kumuuliza swali la aibu: "Sasa tunafanyaje?" Walijua kuitetea Sabato na walijua kuiimba. Kuikaa hawakujua. Nyumbani kwao Sabato ilikuwa siku ambayo baba analala mchana na mama anakasirika.

Tirza alijua. Hakujua kwamba anajua, mpaka mikono yake ilipoanza. Ijumaa kabla ya jua kuzama aliomba leso safi ya Yemima akaitandika juu ya dawati katika chumba cha ushonaji. Akaomba jikoni mikate miwili midogo, akaifunika. Mishumaa akaomba ruhusa aiwashe humo jikoni, mpishi akisimamia na ndoo ya maji. Divai ya kuombea dua hawakuwa nayo. Akakumbuka Cucu naye mara nyingi hakuwa nayo, na dua aliitamkia mkate. Akawawekea wenzake mkono kichwani, mmoja mmoja, na hakuharakisha. Mmoja wa wavulana, mrefu kuliko yeye, aliinama ili mkono ufike, na alipoinuka hakutaka mtu amwone macho.

Kesho yake Bwana Mulwa akafungua mlango bila kubisha. Aliwakuta mezani, mkate umekatwa, Yemima anasimulia habari za ng'ombe wao aliyeingia sinagogi, watu wanacheka. Hakuna aliyeruka kusimama. Tirza alimwambia tu, "Karibu, Mwalimu, kuna nafasi," kama vile Cucu anavyomwambia kila anayepita. Akakaa. Akala kipande. Akakaa nusu saa bila kutazama saa, jambo ambalo katibu wake hakulisadiki alipoelezwa. Jumatatu ikabandikwa ratiba mpya, na tangu hapo shule ile haiweki mtihani Jumamosi. Hilo la tatu likapita. Bila Cucu Serah lisingepita.

Habari zikafika Muthiru, na hapa ndipo hadithi inapoanza kunuka.

Wazee wa baraza, wale wale waliopeleka watoto darasani kama mtu anavyofunga mbuzi kwenye kigingi, wale wanaokoroma Torati ikisomwa, ghafla wakawa wanasema "mtoto wetu Tirza." Kijiji kilikuwa kimemaliza kujenga shule yake ya kwanza, vyumba vitatu vya mawe, na nyumba ya mwalimu kando yake. Baraza likaamua: atakayethibitika kuwa alimfunza Tirza atakabidhiwa shule, nyumba, na neno la mwisho juu ya namna watoto wote wa Muthiru watakavyofundishwa. Mmoja tu. "Shule yenye vichwa vitatu ni zimwi," akasema mwenyekiti, Mzee Obadia Macharia, na hiyo ndiyo hekima pekee aliyotoa mwaka ule.

Walimu wetu wakafika mbele ya baraza wakiwa wamevaa nguo zao bora.

"Angefukuzwa ofisini siku ya kwanza," akasema Elkana. "Nyimbo hazijibu swali. Mkate haujibu swali. Mpeni shule huyu mpiga gitaa, na baada ya miaka ishirini mtakuwa na watu wanaopiga makofi wasijue kwa nini."

"Angekuwa peke yake," akasema Nahshoni. "Wewe Mwalimu umewafukuza wangapi kwa ule mlio wako wa mbuzi? Wale wanne walikuwa wanafunzi wako pia. Waliponyamaza, walinyamaza kwa Kiebrania chako."

Cucu Serah hakusimama. "Mngemaliza maneno na nyimbo, mkakaa na njaa," akasema. "Nyumba ni yangu. Niliwafundisha watoto kabla ninyi hamjajua kufunga vifungo vya shati."

"Uliwafundisha sita," Elkana akamjibu. "Wako wapi watano?"

Cucu akatazama mikono yake. Nahshoni mwenyewe, mpinzani wake, alimwambia Elkana, "Hilo lingefaa lisisemwe."

Wakamwita Tirza. Alikuwa amekuja likizo, amesimama mlangoni na sare yake.

"Mwanangu, sema wewe," akasema Mzee Obadia, akifurahi kumtwika mtoto mzigo wake. "Nani alikufunza?"

"Mwalimu Elkana nilimchukia," Tirza akasema. "Bwana Nahshoni nilimpenda. Cucu sikuwahi kumfikiria, kama vile mtu hafikirii kwamba anapumua. Mkiniuliza nani alinifunza, sijui. Na naona vibaya kwamba mnaniuliza mbele yao." Akamshika Cucu mkono, wakatoka. Elkana akamwita Tirza kwa jina lake mara moja, kwa sauti ambayo hakuwa nayo darasani. Hakugeuka.

Wakapiga kura. Baraza lina watu saba. Wawili walimpa Elkana, wakisema asiyejua hawezi kujibu. Wawili walimpa Nahshoni, wakisema anayejua peke yake hunyamaza. Wawili walimpa Cucu Serah, wakisema kitu kisichokaliwa nyumbani hakikaliwi popote. Kura ya saba ni ya Mzee Obadia. Akasema jino linamuuma, akavaa kofia yake, akaenda zake. Hajarudi. Shule imefungwa, na watoto ishirini na watatu wanachungulia madirishani.

Sasa, ninyi. Usiniambie "wote watatu". Hilo ni jibu la Obadia likiwa limenawa uso. Usiniambie "Tirza mwenyewe". Ana miaka kumi na sita na ana mitihani. Kumbuka Baruku, kumbuka mifupa ya Agosti, kumbuka wale watano wa Cucu. Kiti cha saba kiko wazi. Kikalie wewe, utuambie: shule ya Muthiru unampa nani?