Kwa Nini Ngiri Hula kwa Magoti

Paukwa?

Pakawa.

Mwenye masikio?

Yuko hapa.

Basi mfinyeni anayesinzia, tuanze.

Hapo zamani za kale, Ngiri na Nyani walipigania bonde lenye chemchemi. Havikuwa vita vya mawe na fimbo. Walikuwa na vifaru, mizinga, na ndege zisizo na rubani zilizonguruma juu mchana kutwa.

Jemadari Ngiri akaamuru mabomu yafukiwe ardhini kuizunguka chemchemi. Askari wake mmoja, Panya Buku, akamwambia, "Jemadari, kwetu ukifukia karanga unaweka alama. Tuweke kijiwe kila penye bomu."

"Ili adui aone? Fukia tu. Nitakumbuka."

Mnacheka nini? Ndiyo, Ngiri huyuhuyu, ambaye akimkimbia simba husahau katikati ya njia anakimbia nini.

Vita vikawachosha wote. Wakapatana, wakaenda makwao. Kisha ukaja ukame, visima vikakauka, ikabaki chemchemi ile tu. Sikitu, mtoto wa pekee wa Ngiri, akalala kwa kiu, ulimi nje.

Ngiri akakuna kichwa. Mabomu yako wapi? Hakukumbuka hata moja.

Akamtuma Nyati mwenye nguvu. Nyati alikwenda na miguu minne, akarudi na mitatu. Hilo msicheke.

Akamtuma Tai mwenye macho. Tai akazunguka juu, akarudi. "Naona majani tu."

Mara ya tatu hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe kwa Panya Buku. "Ndugu yangu, mwanangu anakufa."

Panya hakumsuta. "Nitanusa mbele, niweke kijiwe penye bomu, wewe utafuata kando. Piga magoti, uipapase ardhi kabla hujaikanyaga."

"Mimi, jemadari?"

"Wewe uliyefukia."

Ngiri akapiga magoti. Panya ananusa, anaweka kijiwe, Ngiri anatambaa. Panya ananusa, anaweka kijiwe, Ngiri anatambaa. Wakafika jua likiwa utosini. Ngiri akajaza kibuyu, akarudi vilevile, akamnywesha mwanawe.

Sikitu akafumbua macho. Akanywa tena, akasimama. "Baba, niende kucheza bondeni?"

Ngiri alilia. Akageuka, akarudi bondeni kwa magoti kuyatafuta na kuyafukua mabomu yote. Ndiyo maana hadi leo ngiri akila hupiga magoti. Bado haiamini ardhi.

Wanangu, vita huisha kwa waliopigana. Kwa ardhi haviishi mpaka aliyefukia afukue.

Ngano yangu nimeiacha pale chemchemini. Mwenye kiu akaifuate, ila asikanyage penye vijiwe.