Chokaa na Nyasi za Pangoni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani kama sisi, aliishi Mama Kindi na mwanawe Tunu. Sogeeni karibu, na wewe acha kumfinya mwenzio, maana hadithi hii haina kicheko kingi.

Mwaka huo mito ilikauka. Maji yaliyobaki yalikuwa ndani ya pango, juu kabisa ya ukuta wa jiwe, kwenye kijishimo kilichojaa usiku kucha, tone kwa tone, ti, ti, ti. Desturi ilikuwa kila mpandaji alete nyasi kavu, azitandaze chini ya ukuta, ili atakayeanguka asivunjike. Jirani yao, Bwana Nyani, alizizoa zote akajitengenezea kitanda. Nani angemkataza, na mikono ile? Kila alfajiri alipanda mbio akayanywa maji yote.

Baba Tunu alijaribu kumtangulia. Akateleza, akaangukia jiwe tupu, puu! Walimzika jioni ile ile.

Sasa Tunu naye midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu, hata machozi hana. Mama Kindi akaona huyu naye anamponyoka. Basi akaanza kujifunza ukuta. Alizoea miti; jiwe hakulijua. Alianzia chini, akishika vijinundu vya karibu, akianguka na kuinuka, viganja vikilowa jasho la hofu. Pembeni akakuta vumbi jeupe, laini, kama chokaa. Akajipaka kidogo, akapuliza lililozidi, fuu! Mikono ikashika.

Nyani alipomwona amefika katikati ya ukuta, roho ikamuuma. Akataka kujua anapaka nini.

"Chokaa hii, bwana. Mimi mdogo, napaka kidogo."

"Na mkubwa kama mimi?"

Mama Kindi akakumbuka kaburi la mumewe. "Mkubwa hujipimia mwenyewe, bwana," akasema.

Alfajiri wakasimama wote chini ya ukuta. Nyani alikuwa amejipaka mpaka kwenye viwiko, tabaka juu ya tabaka. Kupuliza aliona ni kupoteza mali. Mama Kindi akamwomba arudishe nyasi, walau leo tu. Na kweli, wanangu, Nyani angekubali, Mama Kindi angemwambia apulize lililozidi.

"Nyasi ni za wanaoanguka," Nyani akajibu, akaurukia ukuta.

Akaparamia, paru, paru, mpaka akakaribia maji. Hapo ule unga mzito ukamsaliti viganjani, sruu! Akashuka kwa kishindo. Hakufa, ila mguu ulivunjika, na kilio chake kilijaa pango zima.

Mama Kindi hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Alipanda polepole, akashuka na ganda la kokwa mdomoni, limejaa maji. Tunu akanywa, akanywa, kisha akabakiza kidogo.

"Haya ya baba," akasema.

 Mama yake alikwenda kwenye kitanda cha Nyani, akamwachia majeruhi nyasi za kuegemeza mguu, zilizobaki akazibeba mzigo kwa mzigo na kuzitandaza chini ya ukuta, pale pale alipoangukia mumewe.

Mie nimefika mwisho, nanyi shikeni hili: ukizoa nyasi za wenzako, siku yako ya kuanguka litakupokea jiwe.