Mgonjwa Aliyelalamika Vizuri

Kabla hujaituma hii kwenye kundi la familia, isome wewe kwanza mpaka chini.

Katika nchi moja ya milima, kikosi cha uokoaji kilikuwa kinatafuta kiongozi mpya. Mkuu wa kikosi, Mzee Ndosi, akatangaza mbio: kutoka lango la msitu hadi kambi ya juu kabisa kwenye mawe, kisha kurudi. Wakajitokeza wanaume wanne na msichana mmoja, Aikande, aliyekuwa akikimbia njia zile tangu darasa la tatu. Aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Kaka yake alifia huko juu kwa kukosa hewa, akingoja msaada ambao haukufika.

Pale langoni wanaume wakamtania. Mmoja akamwambia akifika kambini awapikie uji. Yaani hata siku kama hiyo, uji. Aikande akafunga kamba za viatu.

Wasichokijua ni kwamba Mzee Ndosi hakuwa anapima miguu. Karibu na kambi alikuwa amemweka mpwa wake, amevaa koti jekundu, ajifanye mtalii aliyezidiwa. Atakayesimama kumsaidia ndiye mwenye moyo wa kazi. Mtihani mzuri, tukubali.

Wanaume wote wanne wakasimama. Wakamnywesha maji, wakamfunika, wakaanza kugombea nani ambebe. Aikande akafika wakiwa katikati ya ugomvi huo. Akamtazama mgonjwa kidogo, akampita.

Wakampigia kelele kwamba hana utu. Kisha wakamshusha mtalii wao kwa zamu mpaka langoni, na habari za msichana katili zikasambaa kabla hata hawajamtua.

Jua lilikuwa limeanza kulala Aikande alipotokea msituni. Alikuwa anatembea, hakimbii. Mgongoni alikuwa amembeba mtu, kamfunga kwa kamba za mzigo. Mtu huyo alikuwa amevaa viatu vya plastiki, yeboyebo, vilivyokatika.

"Binti, ulimpita mgonjwa," Mzee Ndosi akasema. "Umeshindwa."

"Shikamoo, mzee." Aikande akamlaza yule mtu chini taratibu. "Yule alikuwa analalamika kwa sentensi ndefu. Aliyekosa hewa kule juu hana pumzi ya hotuba. Huyu alikuwa hatua thelathini kutoka pale, kimya, amechanganyikiwa mpaka anajaribu kuvaa glavu mguuni. Wenzangu walimwona. Mmoja ndiye aliyemwambia asogee huko, wapate nafasi ya kumlaza mtalii."

Wale wanne wakatazama chini.

"Ni nani huyu?" mzee akauliza.

"Nilidhani wewe ndiye utaniambia. Tulipoingia msituni hewa ikamrudia kidogo, akaweza kuongea. Anaitwa Zebedayo. Ni mpagazi. Alfajiri ulimpa kiti, blanketi na chupa ya chai ya mpwa wako apandishe juu. Alipanda mbio, kwa sababu uliagiza kila kitu kiwe tayari kabla ya mtihani wako wa huruma."

Mpwa akavua koti jekundu polepole, kama limeanza kumuunguza.

Mzee Ndosi akamwangalia mtu aliyelala chini. Kisha akavua filimbi ya kiongozi shingoni mwake na kumnyooshea Aikande kwa mikono miwili.

Aikande hakuipokea.

"Filimbi baadaye, mzee," akasema. "Leta machela. Shika upande wa kichwa."

Na mzee akashika. Zebedayo akafika hospitali akiwa hai.

Funzo: Kabla hujajisifu kwa mtu uliyemsaidia, uliza nani alibeba mzigo wa wema wako, na kama bado anapumua.