Wimbo wa Koo Tatu

Enyi mnaoota moto, sogeeni niwape kisa cha Nyamvula wa ukoo wa mtoni. Zimwi lilimkamata bintiye, Dama, akichota maji. Zimwi lile halikuogopa mkuki. Liliogopa wimbo wa mababu wenye beti tatu, kila ukoo ukitunza ubeti wake. Ila koo zilikuwa zimegombana, kila mmoja ukidai wimbo ni wake.

Nyamvula akakimbilia watu wa mlimani. "Njooni tuimbe, mwanangu analiwa!"

"Wa bondeni wakiri kwanza kwamba wimbo ni wetu."

Akakimbilia wa bondeni. "Njooni tuimbe, mwanangu analiwa!"

"Wakiri kwanza wa mlimani."

Akarudi mtoni, akaimba ubeti wa kwao peke yake. Zimwi likatetemeka, likalegeza makucha. Ubeti ukaisha.

"Endelea basi, mama," likasema.

Hakuwa na la kuendelea. Likammeza Dama, mama yake akiona kwa macho yake.

Matangani koo zote zilikuja, zikaimba wimbo mzima, na zimwi likafa huko huko mtoni. Watu wakakumbatiana, wakapiga vigelegele.

"Jana mlikuwa wapi?" akauliza Nyamvula.

Kisa kimeishia hapo. Kama ni kichungu, si mimi niliyekipika.