Kijiwe Chini ya Ulimi

Wapendwa, mfano huu nautoa nikiwa na hasira. Mnivumilie.

Kulikuwa na mama mmoja, kila akila anavimba chini ya taya. Tonge la kwanza tu, upande wa kushoto unajaa na kuuma. Akishamaliza, baada ya saa moja mbili uvimbe unanywea. Wenzake wa kikundi cha maombi wakaangaliana. Wakasema amewasengenya watumishi wa Mungu, wakamfungisha siku saba.

Na kweli, siku zote saba hakuvimba. Atavimbaje naye hali? Wakashangilia. Siku ya nane akanywa uji wa ndimu, taya likajaa tena.

"Umerudia dhambi yako," kiongozi akamwambia.

"Dhambi gani, mama?"

"Unaijua mwenyewe. Funga tena."

Akafunga. Akakonda mpaka gauni likawa linamvuka mabegani, huku akijipekua dhambi asiyoiona. Aliumia, wapendwa, akafika mahali pa kumwogopa Mungu aliyekuwa akimkimbilia. Mwisho homa ikampanda, mdomo ukawa na ladha ya usaha. Dada yake akamkokota hospitali.

"Huwa unavimba wakati gani, mama?" daktari akauliza.

"Nikila."

Akavaa glavu, akapitisha kidole chini ya ulimi wake, mkono wa pili ukibonyeza kwa nje. "Kuna kijiwe hapa, kimeziba njia ya mate. Ukila, mate yanakuja yanakosa pa kutokea." Akampa dawa ya usaha. Wiki iliyofuata akamchoma sindano ya ganzi, akapasua kidogo, akakitoa. Kilikuwa kama punje ya mchele.

Mama akabubujikwa na machozi. "Kwa hiyo si dhambi?"

"Dhambi ya nini? Kunywa maji mengi, mama, na ule ushibe."

Mnacheka? Nani kati yetu angemwambia afungue kinywa tumwangalie? Sisi tunamwona mtu anaumwa, tunamtafutia kosa, halafu tunamnyima chakula na kuiita hiyo imani. Mungu alitutuma hivyo lini?

Sasa nasema na kikundi chetu cha Jumatano. Yupo mama humu, simtaji, aliwaambia ana uvimbe. Mkampa siku ishirini na moja za kufunga. Leo ni ya kumi na mbili. Mama yangu, funga hiyo imeisha sasa hivi. Kesho saa moja asubuhi mke wangu atakuja kukuchukua, muende hospitali. Na ninyi mliomfungisha, ibada ikiisha msiondoke. Jikoni kuna moto. Mkampikie.